Hedifoni za Kikundi: Tuchague kwa Masikio, si kwa Jina



Katika ziara zetu, vikundi kadhaa vya vijana na vya kwaya vimetuuliza swali moja: tukitaka kuanza kazi ya kurekodi nyimbo, harusi na mikutano, tununue hedifoni za aina gani? Swali hili laonekana dogo. Mtu anaweza kusema, "Si hedifoni ni hedifoni tu?" Sisi pia tulidhani hivyo. Leo tunaeleza yale tuliyojifunza, mengine kwa kusoma na mengine kwa hasara.

Tuanze na hasara.

Mzee na litungu lake

Kikundi kimoja cha vijana, si mbali na mji wa Kimilili, kiliweka akiba kwa miezi mingi. Kikanunua maikrofoni moja nzuri, kompyuta iliyokwisha kutumika na kifaa cha kurekodia. Walipofika kwenye hedifoni, pesa zilikuwa zimebaki kidogo. Wakatuomba ushauri. Nasi tukawaambia, "Nunueni zozote za bei nafuu, hizo ni za kusikilizia tu." Basi wakanunua za shilingi 700.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa kumrekodi mzee mmoja mpiga litungu. Alikuwa kuka wa mmoja wao, yaani babu, na alijua nyimbo ambazo hakuna mwingine kijijini aliyezijua zote. Mzee alikaa chini ya mti, akapiga na kuimba karibu mchana mzima. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga mahindi ilikuwa ikinguruma, na zile hedifoni hazikuzuia mngurumo huo hata kidogo. Kijana aliyekuwa akisikiliza alisikia mvumo masikioni, lakini akafikiri ni wa mashine. Kumbe waya wa maikrofoni ulikuwa umelegea, na mvumo ulikuwa unaingia ndani ya rekodi yenyewe.

Waligundua jioni, nyumbani, mahali palipotulia. Wakasema watarudia baada ya kuvuna mahindi. Kabla ya mavuno mzee akafariki. Siku ya matanga rekodi ile ilipigwa, na watu walisikia mvumo kwanza, halafu mzee kwa mbali.

Hakuna aliyetulaumu. Lakini tulijua kwamba ushauri ule ulikuwa wetu. Kwa hiyo tusomeane haya kwa makini.

Zilizofungwa na zilizo wazi ni nini?

Hedifoni ni spika mbili ndogo zinazokaa juu ya masikio. Spika ikitetemeka husukuma hewa mbele na nyuma. Hewa ya mbele inaingia sikioni. Je, ile ya nyuma inakwenda wapi? Hapo ndipo tofauti ilipo.

Hedifoni zilizo wazi zina matundu au wavu mgongoni mwa kikombe cha sikio. Hewa hutoka, na sauti huwa pana, kama mtu anayeimba chumbani pamoja nawe. Lakini kelele za nje nazo huingia, na muziki hutoka, jirani akausikia.

Hedifoni zilizofungwa zina kikombe kisicho na tundu mgongoni, na mto laini unaozunguka sikio lote. Fikirieni sufuria yenye kifuniko. Kinachopikwa ndani hakimwagiki, na vumbi la nje haliingii.

Aina zote mbili ni nzuri kwa kazi yake. Mtu anayesikiliza peke yake katika chumba kimya anaweza kufurahia zilizo wazi. Lakini kazi nyingi za vikundi vyetu zinahitaji zilizofungwa, kwa sababu tatu:

1. Mwimbaji huimba mbele ya maikrofoni huku akisikiliza ala zilizorekodiwa kwanza. Hedifoni zikivuja, maikrofoni inazirekodi ala hizo mara ya pili, na mambo yanavurugika.

2. Tunarekodi mahali penye kelele: sokoni, harusini, chini ya mabati mvua ikinyesha, ama mwezi wa nane wa mwaka wa tohara, chinyimba zinapolia kila upande. Anayesikiliza lazima ajue sauti ipi iko ndani ya rekodi na ipi iko nje tu.

3. Vikundi vingi vina chumba kimoja. Mmoja anatengeneza rekodi, mwingine anaandika hesabu. Zilizofungwa huwaachia wote nafasi.

Zina kasoro pia, tusifichane. Masikio hutoka jasho. Na kwa sababu hewa imefungiwa ndani, besi inaweza kusikika nzito kuliko ilivyo. Kwa hiyo msimalize kazi kwa hedifoni peke yake. Kabla ya kumpa mwenye harusi rekodi yake, isikilizeni pia kwenye redio ya kawaida na kwenye simu, maana huko ndiko watu watakakoisikilizia.

Masikio hayana spea

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo kubwa. Kijana mwenye hedifoni zisizoziba, akiwa karibu na barabara au mashine, hufanya nini? Huongeza sauti ili ishinde kelele. Kesho anaongeza tena. Baada ya miaka anaanza kusikia mlio wa filimbi masikioni usiku, na watu wakimwita anasema, "Nini?"

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa kwa sababu ya kelele havioti tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Ikifika desibeli 90, muda ni kama saa 4 kwa wiki nzima. Ikifika 100, ni dakika 20 hivi, yaani nyimbo nne au tano tu, na wiki yako imekwisha. Kwa watoto kiwango ni cha chini zaidi: desibeli 75 kwa saa hizo 40.

Wengi wetu hatuna kifaa cha kupima desibeli. Basi tumieni kanuni hizi za nyumbani:

- Sauti ya simu au ya kompyuta isipite asilimia 60 ya kiwango cha mwisho.
- Mtu akisimama umbali wa mkono mmoja akasema nawe kwa sauti ya kawaida, nawe huwezi kabisa kutambua kwamba anasema, huenda sauti imezidi. Kwa zile zinazoziba sana punguzeni kwanza, halafu jaribuni tena.
- Pumzisheni masikio kila baada ya saa moja. Tokeni nje kidogo.
- Mlio masikioni baada ya kazi ni onyo. Ukiendelea, nendeni hospitali, msingoje.

Hedifoni zilizofungwa husaidia kwa sababu kelele ya nje ikipungua, huna haja ya kuongeza sauti ya ndani. Lakini zikiwa mikononi mwa mtu asiyejali, zinaweza kumuumiza vilevile. Kifaa hakina akili, akili ni yetu.

Maonyo mawili. Kwanza, hedifoni za muziki si kinga ya masikio kwa anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga au ya kupasua mbao. Yeye anunue kinga zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Pili, msitembee barabarani wala kuendesha bodaboda mkiwa mmezivaa. Kile kinachozuia kelele ya mashine kinazuia honi ya lori pia.

Namna ya kuchagua dukani

Msimtume mtu mmoja. Nendeni wawili au watatu, mmoja wao awe ndiye atakayezitumia zaidi. Bebeni simu yenye rekodi mnayoijua vizuri, kwa mfano wimbo wa kwaya yenu wenyewe. Mkisikiliza wimbo wa muuzaji, hamwezi kujua kama tatizo ni la wimbo au la hedifoni. Halafu fuateni hatua hizi:

1. *Tazameni mgongo wa kikombe.* Kuna matundu au wavu? Basi huenda ni za wazi. Msidanganywe na mapambo, maana baadhi ya zilizofungwa huchorwa mfano wa wavu.

2. *Pimeni kuziba.* Zivaeni bila muziki. Je, kelele za barabarani zimepungua? Halafu pigeni wimbo kwa sauti ya kawaida, na mwenzenu asimame karibu asikilize. Akiweza kufuata maneno ya wimbo, zinavuja.

3. *Zijaribuni kwa vichwa vyenu vyote.* Jambo hili wengi husahau. Miwani, nywele zilizosukwa na kitambaa cha kichwani huacha mwanya kati ya mto na shavu. Mwanya ukiwepo, kelele inaingia na besi inapotea. Mama anayeimba soprano naye azijaribu, asijaribiwe na mwanawe. Mto mkubwa unaolizunguka sikio lote huziba vizuri kuliko ule unaolikalia juu.

4. *Sikilizeni kushoto na kulia.* Pande zote mbili ziwe na nguvu sawa. Tikiseni waya polepole karibu na plagi na karibu na kikombe. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisheni.

5. *Sikilizeni sauti ya mtu kwanza, besi baadaye.* Hedifoni nyingi za bei ya chini zimetengenezwa zipige kishindo. Kishindo kinapendeza dukani, lakini kinaficha makosa. Mkisikiliza kwaya yenu, je, mnaweza kutofautisha soprano na alto? Mnasikia pumzi kabla ya mstari? Hapo ndipo kazi ilipo.

6. *Zivaeni dakika 20.* Muuzaji akinung'unika, mwambieni kwa upole kwamba pesa ni za watu wengi. Zikibana kichwa dukani, zitabana zaidi katika kazi ya saa tatu.

7. *Ulizeni vipuri.* Mito ya masikio huchakaa kwanza, na waya wa pili. Hedifoni zenye waya unaochomoka na mito inayobadilishwa zinaweza kuishi miaka mingi. Zile zenye waya uliogandishwa ndani zinahitaji fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea.

Mtakutana pia na zisizo na waya. Kwa kusikiliza tu hazina ubaya. Kwa kurekodi hazifai, kwa kuwa sauti huchelewa sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kufika sikioni, na mwimbaji anaachana na ala. Vilevile kuna zenye betri zinazopunguza kelele kwa kutengeneza sauti iliyo kinyume cha kelele. Hizo hufanya vizuri kwa mngurumo wa gari, lakini zinaweza kubadilisha sauti mnayoikagua. Kwa kikundi, waya bado ni rafiki.

Namba moja ya kuelewa

Kwenye boksi mtaona maandishi mengi. Tunawaomba mwelewe moja: omu. Hiki ni kipimo cha jinsi hedifoni zinavyokinza umeme. Zenye omu chache, kama 32 hadi 80, kwa kawaida hupata sauti ya kutosha kutoka kwa simu, kompyuta au kifaa kidogo cha kurekodia. Zenye omu 250 mara nyingi huhitaji kifaa cha kuongeza nguvu. Msizinunue kisha mkasema ni mbovu.

Tazameni plagi pia. Ndogo ni ya milimita 3.5, kubwa ni ya milimita 6.35. Hedifoni za kazi nyingi huja na plagi ndogo na kipande cha kugeuza kuwa kubwa. Simu nyingi za sasa hazina tundu la plagi, kwa hiyo ulizeni kwanza zitachomekwa wapi.

Tutaje majina machache, si kwa kuwatangazia wenye kampuni bali ili mpate kulinganisha. Sony MDR-7506 zilianza kuuzwa mwaka 1991, ni za omu 63, na waya wake umejikunja kama wa simu za zamani. Audio-Technica ATH-M40x ni za omu 35, na waya wake unachomoka. Sennheiser HD 280 PRO ni za omu 64, na watengenezaji wanasema zinapunguza kelele ya nje hadi desibeli 32. Beyerdynamic DT 770 PRO zimeuzwa kwa omu 32, 80 na 250, kwa hiyo someni boksi vizuri. Zote nne ni zilizofungwa.

Jina likijulikana, waigaji nao huongezeka. Boksi lenye maneno yaliyokosewa, plastiki nyepesi kupita kiasi, au bei iliyo robo ya bei ya maduka mengine ni dalili za feki. Muuzaji anaposema, "Mama, hii ni orijino kabisa," mwambieni, "Asante mwanangu, basi tuandikie hivyo kwenye risiti." Mkweli ataandika.

Kumbukeni pia kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, pamoja na habari za kumwezesha kufaidika nazo. Ni haki yenu kuuliza. Na risiti ndiyo shahidi wenu.

Hesabu ya kikundi

Tufanye hesabu ya mfano. Ya kwenu ifanyeni kwa bei mtakazozikuta Kimilili, Bungoma au Kitale.

Hedifoni za shilingi 700 zikiharibika kila miezi mitatu, mwaka mmoja mtanunua mara nne: shilingi 2,800. Kwa miaka mitatu ni shilingi 8,400. Hapo hatujahesabu kazi zilizoharibika.

Sasa kikundi cha watu 15 kikichanga shilingi 50 kila mmoja kwa wiki, kinapata shilingi 750. Kwa wiki 12 ni shilingi 9,000. Vikundi vingi vinaweza hilo, mradi vingoje hizo wiki 12. Shida yetu mara nyingi ni haraka kuliko uhaba wa pesa.

Kama bei ya majina makubwa ni mzigo, msikate tamaa. Zipo zilizofungwa za bei ya kati zinazofaa. Hata zilizotumika zaweza kuwa nzuri kama mito ni mizima au inapatikana. Jina dogo linaloziba sikio ni afadhali kuliko jina kubwa linalovuja.

Kuzitunza

Ziandikeni katika kitabu cha mali ya kikundi, na achaguliwe mtu mmoja wa kuzitunza. Anayezichukua atie sahihi, anayezirudisha atie sahihi.

Mito ipanguswe kwa kitambaa kikavu au chenye unyevu kidogo baada ya kila mtu, maana jasho huila ngozi yake na uchafu wa sikio huambukiza. Anayeumwa sikio asizitumie mpaka apone. Msiziache juani wala juu ya jiko. Waya msiuzungushe kwenye kikombe kwa nguvu, ukunjeni kwa upana. Mkichomoa, shikeni plagi yenyewe. Mto ukipasuka badilisheni mapema, kwa sababu mto uliopasuka hauzibi tena, na hapo mmerudi kwenye zile za shilingi 700.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Tunarekodi au tutarekodi wapi? Kelele za huko ni zipi?
2. Nani kati yetu hufanya kazi kwenye kelele kila siku? Tumewahi kumuuliza hali ya masikio yake?
3. Mara ya mwisho tuliponunua kitu cha bei ya chini kwa haraka, kilidumu muda gani?
4. Ni mzee yupi kijijini petu ambaye nyimbo zake au habari zake hazijarekodiwa? Tumfikie lini?

Kile kikundi cha mzee wa litungu hakikuvunjika. Kilichanga tena, kikanunua hedifoni zinazoziba. Siku hizi, kabla ya kurekodi, kijana wao huzivaa, hunyamaza dakika nzima, kisha huinua mkono kuonyesha kwamba rekodi ni safi. Ndipo wanaanza.

Swali la nne ndilo tunalowaachia. Mzee huyo hatawangoja mpaka hedifoni zifike. Nendeni kwake wiki hii, hata kwa simu tu, mkae chumbani kimya, mbali na mashine. Halafu mkiwa na vifaa vizuri mrudi tena.